Watoto ambao hakuna aliyengoja wakue

Vijana wenzangu, historia ya sida tunaijuaka kwa upande wa vifo. Upande wa watoto waliozaliwa na VIH na ambao leo wako na umri kama wetu, tunausahau.

Mwaka wa 1984, Projet SIDA ilianza Kinshasa, mu lopitali Mama Yemo. Waganga walichunguza pia namna mama anavyoambukiza mtoto wake. Kisha pillage ya 1991 ikaifunga. Wakati ule, karibu nusu ya watoto wenye virusi walikufa mbele ya miaka 2, juu hapakukuwa dawa. Sasa nani angefikiri kuwatayarishia njia ya kuingia mu matunzo ya wakubwa?

Dawa tatu kwa pamoja zilikuja 1996, lakini bei yake haikukuwa ya Mwafrika. Mwaka wa 2000, kule Durban, mtoto Nkosi Johnson wa miaka 11 alisimama mbele ya wakubwa wa dunia kuwaombea mama na watoto dawa. Alikufa mwaka uliofuata. Huku kwetu Bukavu, MSF ilianza kutoa ARV bure mwaka wa 2003, vita ikiwa bado kuisha vizuri. Hapo njo watoto walianza kukua.

Hesabu ni rahisi: aliyeanza dawa mu 2005 akiwa na miaka 4, mu 2019 alikuwa na 18. Kwa watoto, munganga anamujua toka udogo na shangazi njo anakumbuka randevu. Kwa wakubwa, anapanga mustari peke yake na kueleza yote upya kwa mutu asiyemujua. Wengine hata hawajaambiwa bado zile dawa ni za nini. Anaruka siku moja, kisha wiki, na virusi vinapanda tena. OMS ilitangaza mu 2013: toka 2005 mpaka 2012, vifo vya sida kwa jumla vilishuka kwa 30%, lakini kwa vijana wa miaka 10 mpaka 19 vilipanda kwa 50%.

Siye wa agronomia tunajua: hautoe muche mu pepinieri na kuutupa mu jua siku ileile. Unapunguza kivuli na maji pole pole. Kwa kijana pia: aambiwe ukweli mapema, ajifunze kushika dawa zake mwenyewe, aonane na munganga mupya mbele ya kumuacha wa zamani. Zimbabwe, Zvandiri, iliyoanza 2004, inafundisha vijana wenye VIH kusindikiza wenzao, na kazi hiyo imezaa matunda.

Inchi yetu iko na sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inayokataza kubagua mwenye VIH. Lakini sheria haiingii mu chumba cha wanafunzi. Mwenzako akikunywa kidonge kila magaribi, usimuulize mbele ya watu, na usipeleke habari yake. Ukimuachia amani ya kumeza, umemusaidia kufika miaka 30.