Valproati na Kongosho: Swali Linalokosekana kwenye Vituo vya Afya vya Goma

Mgonjwa wa kifafa anayefika kituo cha afya mjini Goma akitapika na kujishika tumbo huelekea kutibiwa malaria, tifoidi au minyoo. Si ajabu, kwani magonjwa hayo yameenea Kivu Kaskazini, na kipindupindu nacho hurudi mara kwa mara kandokando ya Ziwa Kivu. Hata hivyo, iwapo mgonjwa huyo anakunywa valproati, dawa ya kifafa ambayo wengi huijua kwa jina la Dépakine na ambayo huweza kuvimbisha kongosho, kongosho lake lichunguzwe siku hiyohiyo, hata kama kipimo kimeonyesha vimelea vya malaria. Katika eneo lenye malaria nyingi, mtu huweza kuwa na vimelea ilhali kinachomuumiza ni kingine.

Uwezo wa valproati kuzuia kifafa uligunduliwa Grenoble, Ufaransa, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na dawa ikaanza kuuzwa mwaka 1967. Taarifa za kuvimba kwa kongosho zilichapishwa kuanzia 1979; mwaka 2000 Marekani ikaongeza hatari hiyo katika onyo kali linaloandamana na dawa. Katika majaribio ya dawa hiyo, wagonjwa 2 kati ya 2,416 walipata uvimbe huo bila sababu nyingine kuonekana. Ni wachache mno, nami simtishi yeyote aache dawa inayomlinda. Lakini uchache huo ulihesabiwa penye maabara. Pasipopimwa lipasi, kimeng'enya cha kongosho kinachopimwa katika damu, mgonjwa wa namna hii huweza kuandikwa kuwa amekufa kwa malaria.

Muda nao hudanganya. Uvimbe huweza kuzuka wiki chache baada ya kuanza dawa, au baada ya miaka mingi ya kuitumia kwa amani, tena kwa dozi sahihi. Kwa hiyo jibu la mzazi kwamba mtoto ameizoea dawa halitoshi kumwondolea muuguzi shaka.

Vigezo vya Atlanta vya kutambua uvimbe wa kongosho, vilivyorekebishwa mwaka 2012, vinataka mambo mawili kati ya matatu: maumivu makali ya tumbo la juu, ambayo mara nyingi hupenya hadi mgongoni; lipasi au amilasi, kimeng'enya kingine cha kongosho, iliyofika angalau mara tatu ya kikomo cha juu; na picha inayoonyesha uvimbe. Hospitali isiyo na skana basi haina kisingizio, mradi iwe na kipimo cha lipasi. Amilasi ikipanda kidogo tu isichukuliwe kuwa ushahidi, maana hupanda hata kwa baadhi ya watumiaji wa valproati wasioumwa.

Uvimbe ukithibitika, valproati isimamishwe, na papo hapo mgonjwa apewe dawa nyingine ya kifafa. Akiachwa bila kinga, anaweza kupata kifafa cha mfululizo, ambacho nacho huua. Tena anatapika, kwa hiyo vidonge havitamfaa. Fenobarbitali ya sindano iwe karibu.

Mgonjwa huyo anaweza kurudiwa na uvimbe akipewa valproati tena, kwa hiyo asipewe kamwe. Katika mji ambao watu wamehamahama tangu vita vya Januari 2025, wengine bila karatasi zozote, katazo hilo liandikwe kwenye daftari la hospitali na kwenye kadi anayobeba mwenyewe, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.