Nyumba ya mpango wazi

Nyumba ya mpango wazi ni nyumba ambayo sehemu zake za pamoja, hasa sebule, mahali pa kulia chakula na jiko, ziko katika nafasi moja kubwa bila kuta wala milango ya kuzitenganisha. Kwa kawaida vyumba vya kulala, bafu na choo hubaki na kuta zake. Mpango huu ulienea Ulaya na Marekani katika karne ya 20. Siku hizi unaonekana pia katika nyumba mpya za mijini Afrika ya Mashariki, ambako sebule, sehemu ya kulia na jiko la wazi mara nyingi huchorwa pamoja.

Wanaoupenda husifu mwanga, upana na ukaribu wa familia. Wasioupenda hutaja kelele, harufu ya mapishi, gharama ya kupasha joto au kupoza hewa, na ukosefu wa faragha. Tofauti hiyo ya maoni inatokana na ukweli kwamba ukuta wa ndani hufanya kazi kadhaa kwa pamoja: hubeba uzito, huzuia sauti, moshi na joto, na huficha yasiyotakiwa kuonekana. Ukiondolewa, kazi hizo bado zinahitajika, na lazima zifanywe na kitu kingine.

Historia

Watu kuishi katika chumba kimoja si jambo jipya. Katika Ulaya ya Karne za Kati nyumba nyingi, hata za matajiri, zilikuwa na ukumbi mmoja wenye moto katikati, na moshi ulitokea kwenye paa. Dohani za kutolea moshi zilipoenea, iliwezekana kuugawa ukumbi kwa ghorofa na vyumba vidogo, kila kimoja kikiwa na kazi yake. Kufikia karne ya 19 nyumba za watu wenye uwezo zilikuwa na vyumba vingi vilivyofungwa, na jiko liliwekwa mbali na wageni, mara nyingi chini ya ardhi au nyuma ya nyumba.

Ukubwa wa chumba ulitegemea pia vifaa vya ujenzi. Katika nyumba za mawe za pwani ya Waswahili, kama zile za Lamu, dari zilibebwa na boriti za mikoko. Kwa sababu hiyo upana wa chumba haukuzidi mita 3 hivi, na vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Mpangilio huo ulilinda pia faragha: mgeni wa kawaida aliishia dakani, na kadiri mtu alivyoingia ndani ndivyo alivyokaribia sehemu za wenyeji peke yao.

Chuma na zege la nondo vilibadilisha hali hiyo, kwa kuwa nguzo chache ziliweza kubeba sakafu na paa bila msaada wa kuta. Mwaka 1914 msanifu Le Corbusier alichora muundo wa Dom-Ino, wenye sakafu za zege, nguzo na ngazi tu. Villa Savoye, aliyoijenga Poissy nchini Ufaransa kati ya miaka 1928 na 1931, ni mfano maarufu wa wazo hilo.

Nchini Marekani, Frank Lloyd Wright alikuwa ameshaanza kufungua vyumba. Katika nyumba ya Robie mjini Chicago, iliyokamilika mwaka 1910, sebule na sehemu ya kulia ziko katika nafasi moja ndefu, na kati yake pana dohani na ngazi. Katika nyumba ya Herbert Jacobs huko Madison, Wisconsin, iliyojengwa miaka 1936-1937 kwa takriban dola 5,500, aliliunganisha jiko na sehemu ya kulia na sebule. Wakati huo familia nyingi za kipato cha kati hazikuwa tena na watumishi, na aliyepika alikuwa mmoja wa familia.

Hata hivyo, si wasanifu wote wa kisasa waliotaka jiko la wazi. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la Frankfurt nchini Ujerumani. Lilikuwa chumba kidogo cha takriban mita 1.9 kwa 3.4, kilichopangwa ili mpishi apate kila kitu kwa hatua chache. Lilipunguza uchovu wa kazi, lakini baadaye lilikosolewa kwamba lilimtenga mwanamke peke yake na kazi zake.

Faida

Mwanga na hewa. Mwanga wa dirisha moja hufika mbali zaidi pasipo na ukuta wa kuuzuia. Katika nchi za joto na unyevu, nafasi iliyo wazi yenye madirisha pande mbili zinazotazamana huruhusu upepo kupita na kupunguza haja ya feni au kiyoyozi.

Matumizi ya eneo. Vyumba vilivyofungwa huhitaji korido na nafasi ya kufungulia milango. Katika nyumba ndogo, kuondoa korido huongeza eneo linalotumika bila kuongeza msingi wala paa. Nafasi hiyohiyo inaweza kupokea wageni wengi siku ya shughuli kwa kusogeza viti tu.

Ukaribu. Anayepika anaweza kushiriki mazungumzo, kumsimamia mtoto anayefanya kazi za shule au kumwangalia mzee. Kazi ya jikoni ikionekana, ni rahisi zaidi wengine kusaidia.

Hasara

Kelele. Sauti ya blenda, televisheni, maongezi na vyombo hukutana mahali pamoja. Sakafu ya vigae, kuta tupu na vioo hurudisha sauti na kuongeza mwangwi. Tatizo hilo lilionekana wazi mwaka 2020 wakati wa janga la UVIKO-19, ambapo katika nchi nyingi wazazi walifanya kazi nyumbani huku watoto wakisoma humohumo. Mlango wa kufunga ukawa kitu cha thamani.

Moshi, mafuta na harufu. Mvuke wa kukaanga huenea na kutua kwenye makochi, mapazia na mazulia. Jiko la mkaa ni hatari zaidi, kwa sababu hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoweza kuua. Halifai kutumika ndani ya nyumba iliyofungwa, iwe na mpango wazi au la. Desturi ya kuwa na jiko la nje, inayoonekana katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki, ina sababu nzuri.

Joto na baridi. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.8 kina hewa ya mita za ujazo 44.8. Nafasi wazi ya mita 8 kwa 6 yenye kimo hichohicho ina mita za ujazo 134.4, yaani mara tatu. Mtu mmoja anayetaka kupasha joto au kupoza pale alipokaa hulazimika kuhudumia nafasi yote.

Moto. Mlango uliofungwa huchelewesha moshi na moto na kuwapa watu muda wa kutoka. Hatari huongezeka katika nyumba ya ghorofa ambayo ngazi yake inaanzia kwenye nafasi wazi yenye jiko, kwa kuwa moshi hupanda na kuziba njia ya waliolala juu.

Faragha na usafi. Vyombo visivyooshwa huonekana na kila anayeingia. Pale ambapo mgeni hufika bila taarifa, au ambapo wanawake wa nyumba hawapendi kuonekana na wageni wa kiume, jiko la wazi huwanyima wenyeji mahali pa kufanyia kazi kwa uhuru.

Mfano wa nyumba ya Farnsworth

Nyumba aliyoibuni Ludwig Mies van der Rohe kwa ajili ya daktari Edith Farnsworth huko Plano, Illinois, ilikamilika mwaka 1951. Ni chumba kimoja chenye kuta za kioo, na katikati kuna sehemu iliyofungwa yenye bafu na vyoo. Wasanifu wengi huihesabu kati ya kazi bora za karne ya 20. Mwenye nyumba mwenyewe aligombana na msanifu kuhusu gharama hadi wakafikishana mahakamani, na alilalamika hadharani kuhusu ukosefu wa faragha. Alieleza kwamba hata pipa la takataka hakuweza kuliweka chini ya sinki, kwa sababu jiko lilionekana lote kutoka barabarani. Hata hivyo aliendelea kuitumia kwa takriban miaka 20 kabla ya kuiuza.

Njia za kati

Nyumba ya Schröder mjini Utrecht, Uholanzi, ilijengwa mwaka 1924 na Gerrit Rietveld kwa ajili ya Truus Schröder-Schräder, mjane mwenye watoto watatu. Ghorofa ya juu ina kuta za kusukuma pembeni: mchana ni nafasi moja, usiku hugawanyika kuwa vyumba. Mama huyo aliishi humo hadi kufa kwake mwaka 1985. Wajapani nao kwa karne nyingi wametumia milango myepesi ya kusukuma kugawa nyumba zao.

Njia nyingine ni kutumia ukuta nusu, kabati refu au pazia zito, au kulifungia jiko kwa mlango wa kioo ili mwanga upite bila harufu. Baadhi ya familia huwa na majiko mawili: moja la wazi kwa chai na kazi nyepesi, lingine la nyuma kwa kukaanga na mapishi ya muda mrefu.

Mambo ya kuzingatia

Kubadilisha nyumba ya zamani kunahitaji tahadhari kuliko kujenga mpya. Katika nyumba za matofali zisizo na fremu ya nguzo, ukuta wa ndani unaweza kuwa unabeba paa au ghorofa ya juu, na ukibomolewa bila mhimili wa kuchukua nafasi yake, nyumba inaweza kupasuka au kuanguka. Haitoshi kugonga ukuta na kusikiliza mlio wake. Mhandisi ndiye anayepaswa kuukagua, na kibali cha mamlaka ya eneo kipatikane pale kinapotakiwa.

Kabla ya kuamua, ni vizuri wenye nyumba waangalie wanavyoishi: wanapika nini na kwa nishati gani, nani anahitaji utulivu na saa ngapi, wageni hufika vipi, na kama kipo angalau chumba kimoja, mbali na vya kulala, ambacho mlango wake unafungika. Kuweka ukuta baadaye si kazi kubwa, lakini swichi, taa na madirisha yaliyopangwa kwa nafasi moja mara nyingi hayalingani na vyumba vipya.