Tom Mboya na Safari ya Wanafunzi 81

Neno "kujuana" limeharibika masikioni mwetu. Litaje mbele ya kijana anayetafuta kazi, naye atacheka kwa uchungu, kwani alijualo yeye ni mjomba aliyeketi ofisini na mlango wa nyuma unaofunguliwa usiku. Walakini iko namna nyingine ya kujuana. Nakuomba, msomaji, turudi pamoja miaka mingi nyuma ili uione ikitenda kazi katika maisha ya mtu mmoja.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa mwaka wa 1930 katika shamba la mkonge karibu na Thika, alikokuwa baba yake akifanya kazi. Alisoma Kabaa, kisha Yala, kisha Mang'u, na hapo fedha za karo zikakoma, maana wadogo zake nao walikuwa wakingoja zamu yao. Basi akaingia chuo cha mabwana afya huko Kabete, na mwaka wa 1951 akaajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi.

Siku moja alikuwa peke yake ofisini mahali pa kupimia maziwa. Akaingia mama wa Kizungu, akatazama huku na huku, akauliza kama hapakuwa na mtu yeyote mle ndani. Mboya alimuuliza kama macho yake yalikuwa na kasoro. Jambo hili alilisimulia mwenyewe baadaye, na hapana shaka limekuchekesha. Lakini mshahara wake haukuwa wa kuchekesha: bwana afya Mwafrika alipata kama sehemu moja kwa tano ya alichopata mwenzake wa Kizungu kwa kazi ile ile.

Wewe ungefanya nini? Wengi wangenung'unika jioni na kuamkia kazini asubuhi. Mboya alijiwekea shabaha moja, nayo ni kuwakusanya wafanyakazi Waafrika wa halmashauri katika chama chenye nguvu. Kisha akawatafuta, mmoja mmoja, idara kwa idara. Wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, na mwaka wa 1953 chama cha KAU kikapigwa marufuku. Mwaka huo huo Mboya aliipoteza kazi yake ya halmashauri, na mwaka huo huo akachaguliwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa nchi nzima. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Mwaka wa 1955 alikwenda kusoma katika chuo cha Ruskin, Oxford. Mwaka uliofuata alizuru Marekani, na huko akafahamiana na William Scheinman, mwenye kiwanda cha vipuri vya ndege. Hapa ndipo ninapotaka utulie kidogo. Mtu aliyetoka katika umaskini, akipata rafiki tajiri ng'ambo, hushawishika kujiombea mwenyewe. Mboya alizungumza juu ya vijana wa Kenya waliokuwa wamekubaliwa katika vyuo vya Marekani lakini hawana nauli. Wakaanza kuwasafirisha wachache. Urafiki huo ulidumu kwa sababu ulikuwa na kazi ya kufanya.

Aliporudi tena Marekani mwaka wa 1959 alikuwa na shabaha kubwa zaidi: kujaza ndege nzima. Alitoa hotuba mji baada ya mji kwa majuma kadhaa. Watu mashuhuri kama vile Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia sahihi barua za kuomba michango. Nyumbani, Julius Kiano na Kariuki Njiiri, waliokuwa wamesoma huko huko Marekani, walisaidia kuwachagua wanafunzi, na wazazi na majirani wakachanga fedha za matumizi. Serikali ya kikoloni ilivibeza vyuo vya Marekani na kudai kwamba elimu yake ni hafifu. Hata hivyo, Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege moja.

Ungedhani kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mepesi. La! Mwaka wa 1960 wanafunzi walikuwa wengi zaidi, na Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje ya Marekani ikakataa kusaidia. Mboya akarudi tena, na Julai akamwendea Seneta John Kennedy, aliyekuwa akigombea urais. Hazina ya jamaa ya Kennedy ikatoa dola 100,000. Miongoni mwa waliokwenda mwaka huo alikuwa msichana wa Nyeri, Wangari Muta, ambaye dunia ilimjua baadaye kwa jina la Wangari Maathai alipopata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004.

Si haki nikufiche upande wa pili. Wamarekani hawakutoa kwa huruma tupu. Walishindana na Urusi kuipata mioyo ya Afrika, na Kennedy alizihitaji kura za Wamarekani weusi. Wapinzani wa Mboya walimwita kibaraka, na jina hilo lilimwandama miaka yote. Mimi naona kwamba alijua vizuri anauziwa nini na kwa bei gani, na akakubali kuilipa yeye mwenyewe.

Safari hizo zilipokoma mwaka wa 1963, vijana wapatao 800 wa Afrika ya Mashariki na ya Kati walikuwa wamekwisha kwenda. Mboya alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, mbele ya duka la dawa katika barabara ambayo leo yaitwa Moi Avenue, akiwa na umri wa miaka 38. Kufikia siku hiyo, wengi wa abiria wake walikuwa wamerudi, wakifundisha katika vyuo na kuketi katika ofisi za serikali za nchi iliyokuwa huru.