Elimu ya Jamii na Jina la Mgeni: Busia na Mondlane

Aghalabu viongozi wa Afrika waliingia katika siasa kwa njia ya uanasheria, ualimu au vyama vya wafanyakazi. Wachache waliingia kwa njia ya sosholojia, yaani ile elimu ichunguzayo jinsi watu wanavyoishi pamoja, wanavyopangwa katika matabaka, na wanavyopewa majina ya kuwaunganisha au kuwatenga. Miongoni mwa wachache hao ni Kofi Abrefa Busia wa Ghana na Eduardo Mondlane wa Msumbiji. Mwaka 1969 ulikuwa mkubwa katika historia ya wote wawili: mwezi wa Februari Mondlane aliuawa, na mwezi wa Septemba Busia akawa Waziri Mkuu. Historia zao zinazusha swali moja: je, aliyeisomea jamii huitawala kwa namna iliyo tofauti na asiyeisomea?

Busia alizaliwa Wenchi mwaka 1913, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1947. Kitabu chake cha mwaka 1951 kilichunguza jinsi utawala wa Kiingereza ulivyoubadilisha uhusiano wa chifu wa Asante na watu wake. Kabla ya hapo, mwaka 1950, ilitolewa taarifa ya uchunguzi alioufanya Sekondi-Takoradi, mji wa bandari na reli uliokuwa umejaa watu waliohamia kutafuta kazi. Mwaka 1954 akawa profesa wa sosholojia katika chuo ambacho baadaye kilikuwa Chuo Kikuu cha Ghana. Hakuna Mwafrika aliyemtangulia katika cheo hicho chuoni hapo. Alipokuwa mpinzani wa Kwame Nkrumah alikimbilia ng'ambo mwaka 1959, akafundisha Ulaya, na kurejea kwao baada ya Nkrumah kupinduliwa mwaka 1966.

Mondlane alizaliwa mwaka 1920 katika jimbo la Gaza, na utotoni alichunga mifugo. Alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, serikali ya makaburu ilimnyima kibali cha kuendelea kukaa nchini, naye akalazimika kuondoka mwaka 1949. Baada ya muda mfupi Lisbon, alikwenda Marekani, akapata shahada ya kwanza Oberlin mwaka 1953 na ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1960. Alifanya kazi Umoja wa Mataifa, kisha akafundisha Syracuse. Vyama vitatu vya ukombozi vilipoungana Dar es Salaam mwezi wa Juni 1962 na kuunda FRELIMO, yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa rais.

Kitabu chake juu ya mapambano ya Msumbiji, kilichotoka mwaka 1969, ni kazi ya mwanasosholojia hasa. Wareno walidai kwamba hawabagui rangi, kwa kuwa Mwafrika aliweza kuwa "asimilado", yaani aliyekwisha kufananishwa na Mreno kwa lugha, kipato na mwenendo. Mondlane hakubishana na dai hilo kwa hasira, bali kwa hesabu: kufikia mwaka 1950 waliopata jina hilo hawakufika 5,000 kati ya Waafrika zaidi ya milioni 5. Jina lililosemekana kuwa mlango lilikuwa ukuta. Kwa msingi huo huo alishikilia kwamba adui ni mfumo wa kikoloni, si rangi ya Mreno, ingawa baadhi ya wanachama walitaka Wazungu wote wahesabiwe maadui.

Busia naye alikabiliwa na suala la majina alipokuwa madarakani. Nchi ilikuwa na madeni mazito na wengi hawakuwa na kazi. Mwezi wa Novemba 1969 serikali yake ilitoa amri kwamba kila mgeni asiye na kibali cha kukaa akipate katika muda wa majuma mawili au aondoke. Watu wengi mno kutoka Nigeria, Togo, Niger na Volta ya Juu walifungasha virago. Miongoni mwao walikuwamo waliozaliwa Ghana. Mashamba ya kakao, yaliyotegemea vibarua kutoka nchi za jirani, yakapungukiwa na watu. Profesa aliyewahi kuuchunguza mji wa wahamiaji alijua vyema kwamba watu wa namna hiyo si wapita njia. Hata hivyo amri ilitoka. Mwezi wa Januari 1972 jeshi lilimpindua, naye akafariki Oxford mwaka 1978. Mwaka 1983 Nigeria nayo iliwafukuza Waghana wengi kwa sababu kama zile zile.

Si haki kumhukumu Busia kwa kumlinganisha na Mondlane bila tahadhari. Mondlane aliuawa kwa bomu lililofichwa katika kifurushi kabla hajapata dola ya kuendesha, na hakuna ajuaye angalitoa amri gani. Jambo lililo dhahiri ni dogo zaidi: elimu ya jamii humwonyesha mtu jinsi majina yanavyotengenezwa, lakini haimzuii kuyatumia. Mondlane aliliona jina la mgeni akiwa upande wa wanaopewa. Busia alilitoa akiwa upande wa wenye muhuri.

Katika Kiswahili neno "mgeni" hubeba maana mbili, ya mwenye kukaribishwa na ya asiye wa hapa, na wahenga walizisuluhisha kwa kazi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Waliotoka Ghana mwaka 1969 walikuwa wamelishika jembe hilo kwa miaka mingi. Sheria iliwarudisha kwenye siku ya kwanza.