Ukanamungu: neno, tafsiri yake na nafasi ya mwanamke

Ukanamungu ni neno lililoungwa kwa kitenzi kukana na jina Mungu, nalo hutaja msimamo wa mtu asiyeamini kuwa yuko Mungu au miungu. Istilahi ya Kiingereza inayotafsiriwa hapa, atheism, ina asili ya Kigiriki: a-, yaani bila, na theos, yaani mungu. Kigiriki kinataja hali ya kutokuwa na kitu. Kiswahili kimechagua tendo. Anayekana ni mshtakiwa kizimbani, ni baba anayeikataa mimba, ni Petro uani kwa kuhani mkuu. Anajua, ila hataki kukiri. Kwa hiyo mkanamungu ana kesi kabla hajafungua kinywa. Visawe vyake havina nafuu. Mulhidi, neno lenye asili ya Kiarabu, lina harufu ya upotovu, na kafiri katika mazungumzo ya kila siku humwangukia hata muumini wa dini nyingine. Inapotajwa hali ya mtu, “asiyeamini Mungu” ni usemi mrefu lakini wa haki zaidi, na ukanamungu ubaki kuwa jina la hoja inayotetewa hadharani.

Neno hili lisichanganywe na kutofungamana na dini, ambako wengine hukuita usekula. Hiyo ni sifa ya dola, si ya moyo wa mtu. Katiba ya Tanzania inatangaza kuwa Jamhuri ya Muungano haina dini, na mtu wa sala tano au wa misa ya kila asubuhi anaweza kuutetea msimamo huo bila kupunguza chembe ya imani yake. Ipo pia falsafa ya utu, inayopima jema na baya kwa kuangalia linamfanyia nini binadamu. Jichojipya, shirika la Kitanzania la wafuasi wa falsafa hiyo, limejipa jina lisilomkana yeyote, na huo ni uchaguzi mzuri wa lugha.

Sarufi ya Kiswahili haitenganishi mke na mume. Mkanamungu yumo katika ngeli ya mtu, pamoja na mkulima na mchimbaji, na kiwakilishi chake ni yeye. Usawa huo wa kisarufi una thamani, lakini huficha jambo. Likitajwa neno wakanamungu, sura zinazomjia msikilizaji ni za wanaume wanaobishana. Hapo ndipo istilahi jinsia inapohitajika. Jinsi ni maumbile ya kike na ya kiume. Jinsia ni mgawanyo wa kazi, sauti na mamlaka ambao jamii imeujenga juu ya maumbile hayo. Harakati za wasioamini nazo zina jinsia.

Historia inaonyesha kwamba wanawake hawakuchelewa kufika, na walilipa gharama kubwa. Annie Besant wa Uingereza alinyang'anywa binti yake na mahakama mwaka 1878, na kutoamini kwake Mungu kulikuwa miongoni mwa sababu. Hata hivyo, majukwaa yaliendelea kushikwa na wanaume. Mwaka 2011 Rebecca Watson, Mmarekani, alihudhuria mkutano wa wasioamini mjini Dublin, akasimulia jinsi mwanamume alivyomfuata kwenye lifti usiku wa manane na kumwalika chumbani. Alichosema ni kwamba wanaume wasifanye hivyo. Akamiminiwa matusi, na Richard Dawkins, msemaji mashuhuri kuliko wote wa kundi hilo, akaandika barua ya kejeli kwa mwanamke wa Kiislamu wa kubuni, akidokeza kwamba mbele ya mateso ya mwanamke huyo malalamiko ya Watson ni upuuzi. Baadaye, mwaka 2014, aliomba radhi. Kosa la barua ile halikuwa la adabu tu. Mwanamke wa mbali aligeuzwa fimbo ya kumnyamazishia mwanamke wa karibu, na yeye mwenyewe hakuulizwa lolote.

Akiulizwa mwanamke wa Shinyanga au Geita, mjadala unageuka. Huko kinachomtia hofu kikongwe si swali la kuwapo kwa Mungu. Utafiti wa Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulionyesha kuwa kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Usukumani kuliongoza, na waliouawa wengi walikuwa wanawake. Macho mekundu yalitosha kuwa ushahidi. Katika nchi iliyopungukiwa miti, mwanamke aliyepikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe kwa miaka 40 huwa na macho mekundu kwa sababu ya moshi. Mganga hupiga ramli chonganishi, jina linatajwa, na wakata mapanga wanakodiwa. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inamwadhibu anayemtuhumu mwenzake, lakini haijasimama juu ya kauli kwamba uchawi haupo: ilimpa hata mkuu wa wilaya uwezo wa kumhamisha anayeshukiwa.

Ramli hiyohiyo imefika kwenye dhahabu. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotikisa kanda ya ziwa yalihusishwa na imani kwamba viungo vyao huleta bahati machimboni. Mwezi Septemba 2009 mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wilayani Bukombe. Mwaka 2015 polisi wakawakamata waganga zaidi ya 200.

Mila nayo ina mamlaka yake. Wajane wawili wa Shinyanga, Wasukuma, walifukuzwa na ndugu wa marehemu waume zao katika nyumba walizoishi, kwa mujibu wa kanuni za mila zilizoandikwa katika Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzitengua. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba haki zao zilivunjwa. Nyumba hizo hazikupotea kwa aya ya msahafu wala ya Biblia. Anayedhani kwamba dini ikiondoka usawa utaingia wenyewe aisome kesi hii polepole.

Kanisa, tena, mara nyingi ndilo kimbilio la mjane: jumuiya ndogondogo humletea unga akifiwa, kwaya humpa sauti, na mchungaji anaweza kusimama kati yake na wanaomtuhumu. Sikivu Hutchinson, Mmarekani mweusi asiyeamini, alitoa hoja ya namna hiyo mwaka 2011 kuhusu wanawake weusi wa nchi yake. Kumwambia mwanamke aachane na kanisa bila kumwonyesha atakayemzika na atakayemlelea watoto ni kumwomba avue nguo wakati wa baridi.

Imebaki tafsiri ya dhana ya kuwaingiza wanawake katika harakati. Neno linalotumika zaidi ni ujumuishaji, na kasoro yake imo katika kitenzi chenyewe: kujumuisha kunahitaji mwenye mji anayemkaribisha mgeni. Machimbo ya Geita yanaionyesha kasoro hiyo. Mwanamke amejumuishwa katika dhahabu kwa kuponda mawe karibu na karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, kuosha mchanga na kupika, huku sehemu nyingi akizuiwa kushuka duarani, yaani ndani ya shimo la kuchimbia, kwa imani kwamba akiwa hedhini dhahabu itapotea. Chama cha wachimbaji wanawake, TAWOMA, kilichoundwa mwaka 1997, hakikuomba nafasi zaidi ya kuponda. Kilidai leseni, mikopo na vifaa. Neno linalofaa hapo ni ushiriki, kwa maana ya mwenye shirika: mtu mwenye fungu lake katika mali na kauli yake katika uamuzi. Katika harakati za wasioamini, ushiriki wa mwanamke wa Shinyanga utakuwa na maana hiyo pale ramli, urithi na macho mekundu vitakapokuwa vya kwanza katika ajenda, naye akiwa ndiye anayeisoma.