Vituo vya barabara ya Komanda na Epulu: tusiache historia yake ipotee

Ninyi mliokimbia Irumu na Mambasa, leo tunakumbuka vituo vya barabara inayotoka Bunia kwenda msituni. Watoto wengi waliokulia kambini wanajua Komanda na Epulu kwa habari za mashambulizi tu. Zamani majina hayo yalimaanisha pia chakula, malazi na wageni.

Komanda iko kilometa 75 hivi kutoka Bunia. Hapo njia inagawanyika: moja inaenda kusini hadi Beni, nyingine magharibi hadi Mambasa na Kisangani. Ndiyo sababu soko lilikua hapo. Dereva anayengoja mizigo lazima ale, na mama mwenye sufuria ya maharagwe, sombe au makemba anapata pesa ya masomo ya watoto.

Upande wa Beni kuna Mlima Hoyo, wenye mapango na maporomoko ya maji yanayoitwa Ngazi ya Venus. Wakati wa Wabelgiji palikuwa na nyumba ya wageni, na watalii walikuja kutoka mbali.

Upande wa magharibi, ukishapita Mambasa, unafika Epulu, kando ya mto wenye jina hilo. Miaka ya 1930 Mmarekani Patrick Putnam, aliyesoma Harvard, alijenga kambi hapo, yenye malazi ya wageni na zahanati. Wasafiri wa gari walilala kwake, na Bambuti wakawaonyesha msitu. Putnam alikufa mwaka wa 1953. Mwaka uliofuata kilitoka kitabu cha mke wake, mchoraji Anne Eisner, kuhusu maisha yao pale.

Lakini sifa ya Epulu haikuletwa na wageni peke yao. Bambuti walimjua okapi kabla wataalamu wa Ulaya hawajampa jina mwaka wa 1901. Mnyama huyo ndiye aliyefanya hifadhi ianzishwe mwaka wa 1992, na UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia mwaka wa 1996. Mwaka mmoja tu baadaye iliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Hatari hiyo ilionekana wazi tarehe 24 Juni 2012. Wapiganaji wa Mai-Mai Simba walivamia Epulu, wakaua watu, wakiwemo walinzi wa hifadhi, pamoja na okapi zaidi ya kumi. Na tangu mwaka wa 2021, kati ya Komanda na Luna, magari yamelazimika mara nyingi kwenda kwa msafara wenye wanajeshi. Gari la msafara halisimami kununua makemba. Kwa hiyo vita vimefukuza watu, na pia vimevunja riziki ya waliobaki kando ya barabara.

Wazee mliouza chakula Komanda, mliotembeza wageni Hoyo, mliofanya kazi Epulu: waelezeni watoto gari zilisimama wapi, na nani aliuza nini. Siku ya kurudi, wajue wanarudi kufanya kazi gani.