Mwenyeji ni Nani? Historia fupi ya watu wa Katanga, kwa sisi tuliorudi



Mu mikutano yetu ya hapa Naviundu kuna swali moja linarudia kila mara tunapoandika orodha ya familia za kusaidiwa: nani ni mwenyeji, nani ni wa kuja? Wengine wanalisema polepole, wengine kwa nguvu: "Bale ba hapa bapate kwanza, bengine batangojea." Kazi yangu ni kutembelea familia hizo lupango kwa lupango. Wale walitokea kambi za Zambia na wale walitokea Kasai, shida zao ni moja: karo ya watoto, dawa, na karatasi zilizopotea njiani. Lakini swali lenyewe si la upuzi. Lina historia ndefu, na historia hiyo ilishakula watu. Njo maana naandika.

Tuanze mbali kidogo. Udongo huu wa Lubumbashi ni wa Balamba tangu zamani, na hakuna anayebisha. Lakini ufalme uliokuwa na jina kubwa kuliko yote mu Katanga wakati wazungu wanafika ulikuwa wa M'siri, ku Bunkeya. M'siri huyo alitokea mashariki, kwa Basumbwa, mu inchi tunayoita leo Tanzania. Alikuja kwa biashara ya shaba na pembe, akakaa, akaoa, akatawala. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara uliotumwa na mfalme wa Ubelgiji. Watu wake ni Bayeke. Leo nani atasimama aseme Muyeke si mtu wa Katanga? Hakuna. Basi tayari tunaona: mtu anaweza kuwa wa kuja, na wajukuu wake wakawa wenyeji.

Mu 1906 ilizaliwa Union Minière. Mu 1910 reli ikafika kutoka kusini, na muji wa Elisabethville ukaanzishwa. Mu 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa hapa. Watu wa kufanya kazi hawakutosha, juu Balamba na majirani zao walikuwa wachache na hawakutaka kuacha mashamba yao kwa mshahara mudogo. Wakoloni wakatafuta watu mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, Kasai, Lomami, hata Ruanda-Urundi. Reli ya BCK ilipofika Ilebo mu 1928, njia ya Kasai ikafunguka kabisa. Kampuni ikabadilisha siasa yake: badala ya kuchukua mwanaume peke yake kwa miezi michache, ikamwita na bibi na watoto, ikawapa nyumba mu kampi, posho, masomo na hospitali.

Mu kampi hizo Mbemba alikaa ukuta na ukuta na Muluba, Musonge, Mukusu na Mutabwa. Lugha gani waliongea? Kiswahili, ambacho si lugha ya kabila hata moja la hapa. Kilitoka mashariki, kampuni ikakisukuma, na wazee wetu wakakifanya chao. Mu 1965 wazee waliokuwa wafanyakazi wa nyumba za wazungu waliandika historia ya muji huu kwa Kiswahili chao wenyewe. André Yav ndiye aliyeikusanya, na inaitwa *Vocabulaire de ville de Elisabethville*. Mwenye kutaka kujua muji huu ni wa nani, aanze hapo.

Na mu Desemba 1941, wakati wa vita vya dunia, wafanyakazi wa Union Minière waligoma juu ya mshahara. Tarehe 9 askari waliwapiga risasi ku uwanja wa mupira wa Elisabethville. Karani Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, aliuawa, na makumi ya wengine pamoja naye. Risasi hazikuuliza kabila. Waliogoma hawakuuliza pia.

Sasa ugomvi ulianzia wapi? Tusidanganyane: wenyeji wa Katanga walikuwa na malalamiko ya kweli. Kazi za ukarani, za ualimu na za usimamizi zilikuwa nyingi mikononi mwa watu wa Kasai, juu walitangulia kusoma na kampuni iliwapendelea. Mu uchaguzi wa miji wa 1957, wengi waliokuwa bourgmestre weusi hapa walikuwa watu waliozaliwa nje ya Katanga. Mwaka uliofuata ikaundwa Conakat, muungano wa vyama vya makabila ya Katanga, uliosema unatetea "Wakatanga wa kweli". Rais wake wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo, mtu wa ukoo wa M'siri. Angalieni vizuri: chama cha wenyeji kiliongozwa na mjukuu wa mtu aliyekuja kwa miguu kutoka Usumbwa. Sisemi hivi kumcheka. Nasema hivi juu inaonyesha kwamba mstari wa uenyeji haukuchorwa na Mungu. Ulichorwa na watu, na walichagua wapi pa kuuchora.

Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu nyuma ya uhuru, Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa inchi ya peke yake. Baluba wa Katanga wenyewe, chini ya Jason Sendwe na Balubakat, walikataa, na kaskazini ikawaka moto. Kwa hiyo hata "Wakatanga wa kweli" hawakuwa kitu kimoja. Mu 1961 makumi ya maelfu ya watu walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa hapa hapa Elisabethville, wakiogopa majirani na polisi. Mu Januari 1963 secession ikaisha.

Mobutu akaja na dawa ingine. Tarehe 27 Oktoba 1971 inchi ikaitwa Zaïre, Katanga ikaitwa Shaba, majina ya ubatizo yakakatazwa, na mkuu wa jimbo akaletwa kutoka jimbo lingine. Wazee wengi wanakumbuka fahari ya wakati ule, na ilikuwa fahari ya kweli: mu 1974 Léopards walichukua kombe la Afrika, na wakawa timu ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kucheza kombe la dunia. Lakini fahari ile iliamriwa kutoka juu, kwa ngoma na kwa woga. Mtu aliimba juu alilazimishwa kuimba. Hakuna aliyekaa chini kuzungumza yale ya 1960. Yalifunikwa tu, kama moto chini ya majivu.

Na upepo ukaja. Mu Septemba 1990 mugodi wa Kamoto ulianguka. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka mu miaka ya 1980, mu 1993 haikufikia hata tani 60,000. Kazi zilipungua, mishahara ikakatika. Ndipo maneno ya zamani yakafufuka. UFERI ya Nguz Karl-i-Bond ilikuwa na nguvu, Kyungu wa Kumwanza akawa mkuu wa jimbo, na mu mikutano ya hadhara watu wa Kasai wakaitwa *bilulu*, wadudu. Mu 1992 ku Likasi, na mu 1993 ku Kolwezi, walifukuzwa mu nyumba na mu kazi. Walilala ku gare wiki na miezi wakingojea treni, na wengi, zaidi watoto, walikufa hapo ao njiani. Mamia ya maelfu waliondoka. Wengi wao walizaliwa hapa, na Kasai walikuwa hawajaiona hata siku moja. Walipofika kule wakaitwa watu wa Katanga. Kwa hiyo walikuwa wageni mara mbili.

Wanachama wetu waliokimbilia Zambia wanajua uchungu huo kwa njia ingine. Pweto ilipoanguka mu Desemba 2000, walivuka mpaka wakakaa miaka ku Kala na ku Mwange. Kule, kila siku walisikia wito wa serikali: Zambia moja, taifa moja. Zambia nayo ina makabila mengi, na Mbemba na Mungoni wanachekana kwa utani bila kushikana mashati. Kurudi kulianza mu 2007, na mwaka ule ule, mu Agosti, watu wa Moba walishambulia ofisi za mashirika juu ya uvumi kwamba wanaorudishwa si Wacongo. Uvumi tu, lakini ulitosha kusimamisha safari za watu waliokuwa wanangojea kurudi kwao.

Sheria inasema nini leo? Katiba ya 2006, artikle 10, inasema uraia wa Congo ni mmoja. Artikle 13 inakataza kumbagua Mcongo juu ya kabila ao makao yake. Artikle 30 inampa ruhusa ya kukaa popote mu inchi. Hakuna artikle inayosema kuna Mcongo wa kwanza na Mcongo wa pili. Na mu 2015 Katanga yenyewe ilikatwa vipande vine. Mtu wa Moba, aliyekuwa mwenyeji jana, leo ni wa jimbo la Tanganyika. Je, tumwambie hapa Haut-Katanga kwamba amekuwa wa kuja, akiwa hajatoka hata mu lupango yake? Tukifuata njia hiyo, mwishowe tutabaki wenyeji wa vyumba vyetu tu.

Sisemi mtu aache kabila yake. Fundisha mutoto lugha ya babu, mwonyeshe kaburi la ukoo, cheza ngoma yako. Mlamba aheshimiwe ku udongo wake, na chifu aulizwe mambo ya udongo. Kabila haikuua mtu ku Likasi. Kilichoua ni kufanya kabila kuwa tiketi ya kazi, ya nyumba na ya kiti, wakati kazi, nyumba na viti vimekuwa vichache. Na sisi tunagawa nini hapa? Mbegu chache, karo chache, mabati machache. Ni vichache vilevile. Ndiyo maana hatari iko kwetu pia, hata kama mfuko wetu ni mudogo.

Kwa hiyo naomba komite na wanachama wakubali jambo moja. Ku fomu zetu, tuache mstari wa "jimbo la asili" wakati wa kupanga nani anapata kwanza. Tuulize: mu nyumba muko watu wangapi, nani mgonjwa, mtoto gani amefukuzwa shuleni, karatasi gani imepotea. Hayo yanatosha. Wafadhili wetu nao, wakituomba orodha ya "wenyeji" na "wakimbizi wa ndani", tuwaeleze kwa heshima kwamba hapa maneno hayo yana damu.

Shaba ya muji huu ilitolewa na mikono ya makabila mengi. Mikono ile ile inaweza kugawa mabati bila kuuliza baba wa mtu alishukia gare gani.